Deni la Punda: Mada Kuhusu Haki za Wanyama



Kati ya mwaka 2016 na 2018, machinjio yaliyopewa leseni nchini Kenya yalichinja punda zaidi ya laki tatu. Ngozi zilipelekwa China, ambako huchemshwa hadi zitoe ejiao, aina ya gundi inayotiwa katika dawa za jadi na vipodozi. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo ufugaji haukuweza kuziba pengo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8, ile ya 2019 ilihesabu milioni 1.2 hivi. Wizi ukaenea, na wenye punda wakawa wanakuta mizoga iliyochunwa vichakani. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakaafikiana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa miaka 15.

Nimeleta habari hii kwenye semina ya falsafa kwa sababu katika mabishano yote hayo punda mwenyewe hakuonekana. Waliopinga biashara hiyo walimtetea mama anayeteka maji mbali na kijana anayeishi kwa mkokoteni. Waliounga mkono walitetea ajira na fedha za kigeni. Hoja hizo ni nzito, wala sizidharau. Lakini tuseme punda wangekuwa wengi kupita kiasi, na kila mwenye punda akalipwa bei ya kumridhisha. Je, kungebaki kosa lolote? Nasema lingebaki, na aliyekosewa ni punda.

Immanuel Kant hangekubali. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama: anayemtesa hujizoeza ukatili ambao kesho utawafikia watu, na ubaya wake uko hapo. Basi mchukue mtu anayempakia punda mwenye donda mgongoni, kisha akirudi nyumbani ni baba mpole kwa wanawe hadi anazikwa. Kwa hoja ya Kant hatuna la kumwambia, ilhali donda liko palepale chini ya matandiko. Jeremy Bentham aliliona hilo mwaka 1789 alipoandika kwamba la kuuliza kuhusu mnyama ni kama anaweza kuumia. Akili na usemi havihusiki. Peter Singer alijenga juu ya msingi huo mwaka 1975. Hata hivyo, njia yao ina mlango wa nyuma: ikiwa tunajumlisha raha na maumivu ya wote, maumivu ya mmoja yanaweza kufunikwa na faida ya wengi. Tom Regan aliufunga mlango huo mwaka 1983. Kwake, kiumbe mwenye kumbukumbu na matamanio, ambaye maisha yanaweza kumwendea vizuri au vibaya, ana thamani yake mwenyewe isiyouzwa kwa jumla yoyote.

Pingamizi kali zaidi, kwa maoni yangu, ni la Carl Cohen wa mwaka 1986: haki huzaliwa kati ya wanaoweza kuwajibika, na mnyama hawajibiki kwa yeyote. Nalijibu kwa mfano tunaoujua wote. Yatima mchanga hawajibiki kwa yeyote, hajui hata kama ana mali. Lakini anayekula mali yake amemdhulumu yeye, na msimamizi husimama kudai kwa niaba yake. Cohen alijibu hoja ya namna hii kwa kusema kwamba mtoto ni wa jamii ya viumbe wanaowajibika. Jibu hilo linampa mtoto haki kwa sifa za watu wengine. Mimi naona haki yake inatoka kwake: ni yeye atakayelala njaa.

Mwanachuoni Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki Cairo mwaka 1262, alizitaja haki za mnyama juu ya mwenye kumfuga: alishwe hata akizeeka au kuugua asiwe na faida tena, asibebeshwe asichokiweza, asichanganywe na wanaomdhuru. Hilo la uzee ndilo linalonigusa zaidi. Huruma ya kawaida humtunza mnyama maadamu anafanya kazi. Hapa deni linaendelea baada ya kazi kwisha. Sue Donaldson na Will Kymlicka, katika kitabu chao Zoopolis cha 2011, walifika karibu na hapo kwa njia nyingine, wakisema wanyama tuliowafuga karne kwa karne ni wenzetu katika jamii moja. Ukiutazama mji wa Lamu, ambako mawe, mchanga na saruji hupita vichochoroni juu ya mgongo wa punda, ni vigumu kusema kwamba hakuujenga.

Sidai kwamba mfugaji anayechinja mbuzi ni mdhalimu. Regan angesema hivyo, na hapo tunaachana. Kuumia ndiko kunakomfanya mnyama aweze kukosewa; ninachotetea hapa ni haki ya ziada, inayotokana na utumishi.

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Zote humwadhibu mtesaji, lakini katika kesi punda ni ushahidi tu. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ya New York ilikataa, kwa kura 5 dhidi ya 2, kumtambua tembo Happy kuwa anaweza kuombewa uhuru kwa amri inayowahusu binadamu. Sipendekezi njia hiyo. Napendekeza msimamizi, kama wa yatima, mwenye ruhusa ya kudai malisho na matibabu ya punda aliyetumikishwa.

Nakubali kuna ugumu: mwenye punda mara nyingi ni maskini, na kumlisha punda mzee ni gharama. Kwa hiyo naomba semina ijadili namna sehemu ya deni itakavyowaangukia mwenye jengo na mwenye duka, ambao mzigo ulikuwa wao.