KOMPYUTA YA DIFENDA: MSIMAMO WA TAWI KUHUSU MCHANGO WA SHILINGI 5,000

*Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye Mkutano Mkuu wa Tawi. Tunayatuma kwa wanachama wote. Aliyekuwa shambani, safarini au zamu ya usiku ayasome hapa.*



Agenda ya nne ni mchango wa kompyuta ya gari la doria. Kikao cha wadau wa usalama cha kata kimependekeza kila kaya itoe shilingi 5,000, inunuliwe kompyuta mpakato ya shilingi milioni 1.5 na ifungwe kwenye difenda la polisi. Wengi mmetuuliza tawi linasemaje. Kamati imekaa, imelichambua, na leo tunawaeleza tulipofika.

*1. Shida ipo.*
Bodaboda ikiporwa usiku, askari wa doria akasimamisha pikipiki anayoitilia shaka, hana pa kuangalia namba papo hapo. Anapiga simu kituoni asubiri, au anamchukua mtu na chombo chake. Mwizi anapata muda wa kutokomea, na kijana asiye na kosa analala mahabusu mpaka kuche. Wenzetu walianza zamani: Marekani, FBI ilianzisha mwaka 1967 mfumo wa NCIC wenye kumbukumbu za magari yaliyoibwa na watu wanaotafutwa, na baadaye magari ya doria yakafungiwa vyombo vya kuusoma. Hapa kwetu askari wa usalama barabarani wanatumia mashine ya mkononi inayotoa taarifa ya kosa na namba ya malipo. Kwa hiyo anayesema jambo hili ni anasa, hatuko naye.

*2. Lakini ni kompyuta gani?*
Kompyuta ya dukani imetengenezwa ikae mezani. Difenda linatikisika kwenye makorongo saa zote, vumbi la kiangazi linaingia kwenye feni, na gari likiachwa juani limefungwa vioo, joto la ndani linapita mbali lile la nje. Kioo cha kawaida hakisomeki jua la saa saba. Ukiwasha injini, umeme wa betri unashuka ghafla. Kompyuta isiyo na kifaa cha kuukinga inaweza kuzima katikati ya kazi. Na ikiachwa inanyonya betri injini ikiwa imezimwa, gari la doria litasukumwa kama daladala mbovu.

Ndiyo maana zipo kompyuta za kazi ngumu. Panasonic wana Toughbook tangu mwaka 1996. Getac na Dell nao wanatengeneza za aina hiyo. Ukiona imeandikwa IP65, 6 maana yake vumbi haliingii, na 5 maana yake inahimili maji yanayorushwa kwa mpira. Utaona pia MIL-STD-810. Hizo ni taratibu za Wizara ya Ulinzi ya Marekani za kupima vyombo kwa kuviangusha, kuvitikisa, kuvitia joto na baridi. Hapo tuwe macho: hakuna ofisi ya serikali inayotoa cheti cha MIL-STD-810. Mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio ya kufanya. Muuzaji akisema "hii ya kijeshi", tumuulize: iliangushwa kutoka urefu gani, na karatasi ya majibu iko wapi?

*3. Hesabu.*
Kompyuta ya kazi ngumu mpya ya kufungwa garini inaweza kupita dola 3,000. Tukipiga kwa shilingi 2,600, ni milioni 7.8. Ikidumu miaka 5, ni shilingi milioni 1.56 kwa mwaka. Ile ya milioni 1.5 ikifa kila mwaka, gharama ni karibu sawa, na kila ikifa tunapoteza kazi na kumbukumbu zilizokuwamo. Kwa hiyo bei ndogo si lazima iwe nafuu.

Tena bei ya mashine ni mwanzo tu. Kuna kishikio cha garini, kifaa cha umeme, bando la kila mwezi, matengenezo na mafunzo ya askari. Tumelisoma pendekezo lote; halina mstari hata mmoja wa gharama hizi. Likipita hivyo, mwezi wa tatu tutaambiwa bando limekwisha, tuchangie tena.

Na tusisahau: mwaka 2016 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ilihoji mkataba wa takribani shilingi bilioni 37 wa mashine za alama za vidole kwenye vituo vya polisi, kwa sababu fedha nyingi zilikwisha kulipwa na vituo vingi havikuwa na mashine zinazofanya kazi. Ikiwa hayo yalitokea kwenye mabilioni yenye wakaguzi, mchango usio na leja utakuwaje?

*4. Ruhusa.*
Kompyuta isiyounganishwa na mfumo wa Jeshi la Polisi haiwezi kumwambia askari pikipiki hii ni ya nani. Itabaki ya kuchapia barua. Kibali cha kuiunganisha hakitoki kwenye kikao cha kata. Hakuna aliyetuonyesha barua yoyote.

*5. Taarifa zetu.*
Mashine hiyo itabeba majina, namba na makosa ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo. Tunataka kujua nani atakuwa na nywila, na gari likiibwa au mashine ikipotea itafungwaje kutoka mbali.

*Msimamo wetu, ndugu wanachama, ni huu:*

(a) Tunaunga mkono doria kupata chombo cha kuangalia namba papo hapo.

(b) Kabla ya mchango, tuonyeshwe kwa maandishi kibali cha Polisi cha kuunganisha chombo, bajeti ya miaka 5, na namna kitakavyoingizwa kwenye rejista ya mali za Serikali.

(c) Kikao kipime kwanza mashine ngumu ya mkononi badala ya kompyuta. Doria yetu ni gari moja na askari wachache. Kinachohitajika ni kuangalia namba, na hilo mashine ya mkononi inalitosha. Askari anashuka nayo, dereva anabaki na macho barabarani.

(d) Mchango uwe wa hiari na kila senti itolewe risiti. Mwanachama asinyimwe barua ya utambulisho wala huduma yoyote kwa sababu hakuchanga. Atakayenyimwa atuletee taarifa siku hiyo hiyo.

(e) Diwani wetu na mbunge waombwe kulipeleka suala hili Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa sababu vifaa vya polisi ni jukumu la bajeti ya Serikali.

Kikao cha kata ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi. Tutawakilishwa na wajumbe watatu, nao watayasema haya mbele ya Mkuu wa Kituo kwa heshima na bila kuyapunguza. Mwenye nyongeza aiandike kwa Katibu kabla ya Alhamisi jioni.

Hatukatai ulinzi. Tunakataa kuuziwa sanduku lililokufa kwa jina la ulinzi.



*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya Tawi.*