Mafuta gani kwa injini iliyochoka?

Tufungue boneti. Land Cruiser kuukuu inayobeba mchele na abiria kati ya Kasongo na Kabambare imefika garaji. Fundi anauliza: mafuta ya kawaida au ya sintetiki?

Tuanze na sifa. Sintetiki hustahimili joto na huchelewa kuchakaa; gari linalokwangua matope kwa gia ya kwanza lingefaidika.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Mipira inayozuia mafuta ikishakauka, mafuta mepesi ya sintetiki kama 5W-30 huvuja upesi kuliko mazito ya kawaida ya 20W-50. Lile doa jeusi chini ya gari asubuhi ni pesa iliyomwagika. Na vumbi letu halichagui: likipenya kwenye filta mbovu, hata mafuta ya bei kali utayabadilisha mapema.

Mimi ningenunua ya kawaida, na filta mpya. (Wenye pikipiki, shauri lenu ni jingine: klachi yenu huogelea kwenye mafuta hayohayo.)

Linabaki swali: bidoni lililokwisha kufunguliwa sokoni, nani atatuhakikishia mna nini ndani?