Nyimbo Watakazoziimba Wajukuu Zetu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenipa dakika kumi na mada iliyo mbali kabisa na mafaili yangu ya ofisini: katika nyimbo tunazozipenda, ni zipi zitakazokuwa bado zinajulikana miaka sitini au sabini ijayo? Nimekubali kwa sababu sisi tulioketi viti vya mbele hatutakuwepo wakati huo kuulizana nani alikosea.

Kwanza niuweke kando wimbo wa taifa. Mahadhi yake yalitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, nao una dola nyuma yake. Mimi nazungumzia nyimbo zisizo na mlinzi.

Wengi hudhani kwamba wimbo hudumu kwa sababu aliyeuimba alikuwa na jina kubwa. Tumtazame Siti binti Saad. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na sauti yake ikasikika pwani nzima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa hiyo hakuna aliyesoma Kiswahili katika shule hii asiyelijua jina hilo. Sasa naomba yeyote humu ukumbini awezaye kuimba wimbo mmoja wa Siti, mwanzo hadi mwisho, anyooshe mkono. Naona mikono miwili, na yote ni ya walimu. Unguja pengine ingekuwa zaidi.

Wimbo wa "Malaika" una historia iliyo kinyume cha hiyo. Fadhili William aliurekodi Nairobi mapema miaka ya 1960. Miriam Makeba akauchukua, Boney M wakauimba mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin mwaka 1991. Lakini ukiuliza nani aliyeutunga, utazua ugomvi. Fadhili, aliyefariki mwaka 2001, alisema ni wake. Wengine humtaja Adam Salim, na yapo majina mengine pia. Jina la Siti tunalo, nyimbo zake hatuziimbi. Malaika tunauimba, mwenyewe hatukubaliani ni nani.

Kwa nini umedumu? Shauri lake ni jepesi kueleweka: kijana anapenda, mali ya kuolea hana. Mahadhi yake hayapandi mahali ambapo mtu wa kawaida hawezi kufika. Hauhitaji hata gitaa moja. Tena una siku yake, kwani kwenye sherehe ya harusi lazima atokee mjomba wa kuuanzisha. Huo ndio mzani wangu. Wimbo utakaodumu ni ule ambao watu wasiojua kuimba wanaweza kuuimba wenyewe, na upo wakati unaowadai wauimbe.

Ninyi vijana mna ushahidi wake kila alfajiri. Nilipokuwa hapa miaka ya 1990 tulikimbia mchakamchaka tukiimba habari za Idi Amin na jinsi tutakavyomtupia mamba. Vita vya Kagera vilikuwa vya mwaka 1978 hadi 1979. Wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa au tulikuwa mgongoni. Amin mwenyewe alikuwa anaishi kwa raha zake Saudi Arabia hadi alipofariki mwaka 2003, na sisi huku tulikwisha kumzika mara elfu. Hatukufundishwa na redio wala santuri. Kidato cha tatu waliimba, kidato cha kwanza tukaitikia, kwa sababu miguu ilihitaji kitu cha kuisukuma.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Mwanamuziki nimpendaye kuliko wote ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Kwa mzani wangu mwenyewe, nyimbo zake hazitaimbwa na wajukuu zetu. Wimbo wa dansi wa siku zile ulianza taratibu kwa maneno, kisha magitaa yakaachiwa uwanja. Mara nyingi santuri iligeuzwa upande wa pili ndipo mambo yakanoga. Utamu wote uko pale, na pale hapaimbiki kwa mdomo. Uliwahitaji Mbaraka na wenzake, nao hawapo. Najua Redio Tanzania ilirekodi bendi zetu na tepu zipo, na napenda zitunzwe. Lakini wimbo ulio kabatini unamngoja mtu aufuate.

Ningeambiwa niweke fedha yangu, ningeiweka kwa Saida Karoli. "Maria Salome" ulivuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, na umeimbwa kwa Kihaya. Wasiojua hata neno moja la Kihaya waliuimba, sijui walidhani wanasema nini. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akaufufua kwa namna yake, na watoto wakaupokea kana kwamba umezaliwa jana.

Kuhusu nyimbo za simu sisemi sana. Zamani redio moja ilisikika nyumba nzima, ukitaka usitake. Leo kila mtu ana hedifoni zake, na ndugu wawili kitanda kimoja hawasikii wimbo mmoja. Ninyi mlioko bweni, mliokatazwa simu na mnaonung'unika kwa ajili hiyo, mko katika mahali pachache palipobaki ambapo ukitaka wimbo sharti uuimbe.

Kwa hiyo nina ombi moja, na Katibu ameshakubali. Pale mlangoni pana daftari kubwa. Kabla ya chakula, kila mmoja aandike wimbo mmoja wa mchakamchaka, wa bweni au wa mpira alioimba hapa, maneno yote, hata yale ambayo Mkuu wa Shule hatayapenda, pamoja na mwaka wake. Na kama mnamjua aliyeutunga, andikeni jina lake. Ule wa Amin nimekwisha kuuandika. Penye jina la mtunzi nimeacha nafasi, huenda yumo humu anayemjua.