Mita 60 na Deni la Jirani
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Mtera)



Leo sitazungumzia mizania. Nataka tuzungumze habari ya kamba.

Bwawa la Mtera hutunza maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, hapa na kule Kidatu. Kwa hiyo maji hupanda na kushuka, nayo yakishuka huacha ardhi yenye unyevu ambayo mkulima wa nchi hii kavu hawezi kuitazama bila kushika jembe. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 za ukingo wa bwawa, shughuli zinazoweza kudhuru hifadhi ya ukingo huo.

Katika ukaguzi mmoja nilikuta mwanachama amekopa fedha za mbegu, akapanda kando ya maji, akaamriwa kuondoka. Shamba likaenda, deni likabaki. Waliolilipa ni jirani zake wawili waliomdhamini. Wote wawili walizijua mita hizo. Hawakumwambia, wakidhani ni kuingilia mambo ya mtu.

Ndugu zangu, aliyetia sahihi ya udhamini amekwisha kuingia! Basi kabla ya mkopo kutolewa, katibu na wadhamini waende shambani na kamba iliyopimwa. Msipime kutoka maji yalipo siku hiyo, maana kesho yatahama. Ulizeni mpaka kwa ofisi ya Bonde la Rufiji, Iringa. Asiyejua kusoma asomewe majibu mbele ya wadhamini wake, na nakala ibaki katika jalada la mkopo. Nitakapokuja kukagua, nitaanza na jalada hilo.