Safari za Mute Zisizomo katika Hesabu



Katika barabara itokayo Mocímboa da Praia kwenda Palma, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, kipo kijiji kiitwacho Mute. Mwishoni mwa Desemba 2020 kijiji hicho kilishambuliwa, na mwanzoni mwa Januari 2021 kampuni ya Total ya Ufaransa ikaondoa wafanyakazi wake wengi katika mradi wa gesi wa Afungi, ambao hauko mbali na hapo. Tangu hapo jina la Mute hutajwa zaidi katika ramani za kijeshi. Lakini iko ramani nyingine inayomhusu askari, naye haioni ikichorwa: ramani ya wapangaji wa barabara.

Kazi ya wapangaji hao ni kukadiria nani atasafiri, kutoka wapi hadi wapi, kwa chombo gani na kwa njia ipi. Utaratibu wake ulikomaa katika miaka ya 1950 katika miji ya Marekani ya Detroit na Chicago. Nchi hugawanywa katika maeneo, na kila eneo hupewa takwimu zake: watu, kaya, ajira, mapato, magari. Kisha eneo zima hufanywa nukta moja, na safari huhesabiwa kutoka nukta hadi nukta. Maeneo yenye watu wengi na kazi nyingi huvutana. Umbali na gharama hupunguza mvuto huo.

Mipaka ya maeneo hayo aghalabu hufuata ya utawala, kwa kuwa sensa nayo hukusanywa hivyo. Basi wilaya nzima ya Palma ikifanywa nukta moja, mwanamke wa Mute aendaye shambani alfajiri, mchuuzi apelekaye mihogo mjini Palma kwa baiskeli, na mgonjwa abebwaye kwenda kutibiwa, wote huanza na kumaliza safari ndani ya nukta ile ile. Katika jedwali la safari za barabara kuu hawamo. Barabara itaonekana kuwa ni ya malori ya mradi peke yake, na ulinzi wake utapangwa hivyo hivyo. Kadhalika mpaka wa mto Ruvuma: Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010, liko mbali na pwani, huko Negomano na Mtambaswala. Mwenye kuhesabu magari darajani hapati habari ya mitumbwi inayovusha jamaa kwa jamaa karibu na bahari.

Kosa la pili ni la tarehe, nalo ni kubwa zaidi. Sensa ya Msumbiji ilifanyika Agosti 2017. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na vita vikaanza. Takwimu zilikuwa na umri wa miezi miwili tu zilipoanza kuwa historia. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, maelfu walikimbilia Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliohamishwa kupisha mradi wa gesi. Wengine walikwenda Pemba kwa vyombo vya bahari, wengine Nangade na Mueda kwa miguu. Katika mwaka huo waliohama makwao jimboni walizidi 700,000. Hesabu ya 2017 huwaona watu penye nyumba zilizoteketea, na Quitunda haioni mtu.

Matokeo yake humwangukia askari kizuizini. Ameambiwa wapitaji ni wachache, akapewa wenzake wawili. Asubuhi anakuta mamia. Au anamwona mtu akitoka kichakani na mzigo, naye hana habari kwamba familia nyingi zina shamba Mute, watoto Palma na wazee Nangade. Ni kweli kwamba adui hupita njia hizo hizo, na hujificha miongoni mwa wasafiri. Lakini asiyejua safari ya kila siku atajuaje iliyo ngeni?

Vikosi vya Rwanda vilivyofika Julai 2021, na vya SADC vilivyokuwapo hadi mwaka 2024, wakiwamo Watanzania waliokuwa Nangade, viliweka doria na vizuizi katika njia hizo. Hakuna karani wa sensa akaaye barabarani muda mrefu kama askari wa kizuizi. Karatasi yenye safu nne, yaani saa, mwelekeo, chombo na sababu ya safari, ikijazwa kwa wiki moja wakati wa mavuno na wiki moja wakati wa kiangazi, ingemwezesha mpangaji kuigawa Palma katika maeneo madogo yafananayo na maisha ya watu. Safu ya jina isiwemo. Ikiwemo, wananchi watazunguka porini, na karatasi itarudi makao makuu ikiwa tupu.