CHENI YA NDANI NA MKONO WA FUNDI

(Maneno tuliyosema mbele ya ndugu zetu waendesha pikipiki na mafundi wa Waberi, Garissa)



Kwanza yatupasa kujibu swali ambalo bila shaka limo mioyoni mwenu. Watu wa reli watafuta nini Garissa? Reli ya kwanza ya nchi hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Ile mpya ya Mombasa mpaka Nairobi ilianza kuchukua abiria mwaka 2017. Zote mbili zimepita mbali na mji huu. Hapa Waberi mtu akitaka kwenda sokoni, au kumpeleka mgonjwa hospitali, au kuvuka daraja la Mto Tana, garimoshi lake ni pikipiki. Nasi twasema kwamba chuma ni chuma, na kila mtu anayekula kwa jasho la chuma ni ndugu yetu.

Jambo tulilokuja nalo ni moja. Tumesikia mkiulizana juu ya kukitoa kile kikaza cheni kinachojikaza chenyewe, ambacho mafundi hukiita tenshena, na kutia kingine cha kukazwa kwa mkono. Wako wanaokisifu sana hicho cha mkono, na wako waliopoteza injini kwa ajili yake. Sisi twaona kwamba wote wawili wasema kweli, na tutaeleza kwa nini.

CHENI HII NI IPI?

Hatusemi juu ya cheni ya nje inayovuta gurudumu la nyuma. Iko cheni nyingine nyembamba, imefichwa ndani ya injini ubavuni mwa silinda. Chini imeshika meno ya krenki, na juu imeshika gurudumu la meno la kemshafti. Krenki ikizunguka mara mbili, kemshafti yazunguka mara moja, nayo hufungua na kufunga valvu kwa zamu yake. Cheni hii ndiyo saa ya injini. Ikiruka jino moja, saa imekosea. Ikiruka meno kadhaa, katika injini nyingi pistoni itapanda wakati valvu imefunguka, nazo zitagongana. Hapo valvu hupinda, na siku yako ya kazi imekwisha.

Lakini si kila pikipiki ina cheni hii. Injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, haina kabisa. Kemshafti yake iko chini, na valvu husukumwa kwa vijiti viwili virefu. Pikipiki nyingi za Kichina zimejengwa kwa mfano wa injini hiyo. Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi yako, muulize fundi unayemwamini: je, injini yangu ni ya cheni au ya vijiti? Mtu asikuuzie kiatu cha mguu usio nao.

KAZI YA KIKAZA

Kila cheni hulika kwenye maungio yake, ikarefuka kidogo kidogo. Ikirefuka hulegea. Ndiyo maana ndani mmewekwa vibao viwili vya mpira mgumu. Kimoja kimesimama imara, na cha pili kimepinda kama upinde. Kikaza cheni hukisukuma hicho kilichopinda ili kiegemee cheni. Kwa kawaida utakiona nyuma ya silinda, kimefungwa kwa bolti mbili ndogo.

Kile cha kujikaza kina springi na kijiti chenye meno kama msumeno. Cheni ikilegea, springi husukuma kijiti mbele jino moja, na kidole kidogo cha chuma hukizuia kisirudi. Hii ni akili nzuri sana. Lakini springi huchoka, meno hulika, na kidole huteleza. Tena kikiwa cha bei rahisi, kisichotoka kwa waliounda injini, huweza kuchoka mapema. Hapo ndipo asubuhi unapowasha injini unasikia chakachaka kama kopo lenye misumari.

Kile cha mkono hakina springi wala meno. Ni bolti ndefu na nati ya kuifunga. Pikipiki nyingi za Japani za miaka ya 1960 na 1970 zilitaka mwenyewe alegeze nati ya kikaza kila baada ya muda, arekebishe, afunge tena. Kwa hiyo wanaosema kwamba hiki ni kitu kipya wamekosea. Ni njia ya zamani iliyorudi.

SOMO LA CHINI YA BEHEWA

Sisi wa reli twalijua jambo hili kwa jina lingine. Vipande vya breki vya behewa hulika kila siku, na fimbo za breki hulegea. Katika mabehewa ya zamani mfanyakazi aliingia chini, akatoa pini katika tundu moja na kuitia katika tundu la pili, ili breki ishike tena. Baadaye kikaja kirekebishaji kinachojivuta chenyewe. Watu walifurahi, kwa kuwa kutambaa chini ya behewa si raha.

Lakini mkaguzi hakuondolewa. Mpaka leo hutazama pistoni ya breki imetoka kiasi gani, kwa sababu kifaa kinachojirekebisha chenyewe huweza kufa kimya kimya. Na kwenye behewa la pini, asipofika mtu hakuna kinachorekebika. Hivyo ndivyo ilivyo kwa pikipiki. Kikaza cha kujikaza hutaka uwe na masikio. Kikaza cha mkono hutaka uwe na masikio, na mkono, na siku maalumu. Ukikitia umejiandikia kazi mpya, na hakuna atakayekufanyia.

USIANZE KWA SPANA

Ukisikia kelele, usikimbilie kununua. Kwanza tazama oili. Oili ikipungua au ikichakaa, cheni na kikaza vyote huteseka. Pili, pima nafasi za valvu, maana valvu zilizolegea nazo hugonga. Lakini mlio wa valvu ni tik tik tik ya mpango, na mlio wa cheni ni wa kuchakacha, husikika zaidi injini ikiwa baridi au unapoachia mafuta ghafula.

Tatu, toa kikaza cha zamani ukijaribu kwa dole gumba. Kijiti kikiwa nje, kisukume kurudi ndani bila kugusa kile kidole cha kuzuia. Kikikataa, bado kina uhai. Kikirudi, kimekufa.

Nne, tazama kijiti kilikuwa kimetoka kiasi gani. Kama kilikuwa kimefika mwisho, ugonjwa ni wa cheni. Hapa ndipo penye hatari kubwa ya kile cha mkono. Bolti yake ni ndefu, nayo huweza kuendelea kusukuma cheni iliyokwisha kufa mpaka kelele inyamaze. Mwenye pikipiki atashukuru, kumbe amefungwa kitambaa machoni. Cheni iliyokwisha hubadilishwa, pamoja na meno yake na vibao vyake.

NAMNA YA KUKITIA

Injini iwe baridi kabisa, si ile iliyotoka kupumzika dakika kumi kivulini. Toa plagi. Zungusha krenki polepole kwa spana mpaka alama ya T isimame mahali pake, na valvu zote mbili ziwe zimefungwa. Utajua zimefungwa kwa kuwa mikono ya valvu ina nafasi ndogo ukiitikisa kwa vidole. Tangu hapo, mpaka kikaza kipya kiwe mahali pake, mtu asipige kiki wala asisukume pikipiki ikiwa katika gia. Mtoto anayecheza na kiki wakati huo aweza kurusha cheni jino.

Kama kikaza cha zamani kina bolti ya katikati, itoe kwanza, springi yake itoke taratibu. Kisha toa zile bolti mbili za pembeni. Safisha mahali pa gasketi. Vumbi letu la Garissa likiingia humo halitoki bure. Rudisha bolti ya kikaza kipya nyuma mpaka mwisho, weka gasketi mpya, ukifunge. Bolti hizo ni ndogo na nyumba yake ni alumini, basi zikazwe kwa kiganja, si kwa bega.

Sasa ingiza bolti ya kukazia kwa vidole tu, mpaka uhisi imegusa. Zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, urudi kwenye alama, kisha jaribu tena kwa vidole. Ikigusa, shika bolti isizunguke, ufunge nati yake. Washa injini usikilize. Kama bado yachakacha, zima, ongeza kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, usikilize tena. Kelele ikikoma, acha hapo hapo. Ukisikia injini yavuma kama nyuki ndani ya mtungi, umekaza mno. Rudisha.

Kwa nini twasema acha hapo? Mtu wa reli ajua habari ya joto. Reli zilizoungwa kwa vyuma na bolti huachiwa nafasi kati ya pande mbili, kwa sababu jua hurefusha chuma. Injini nayo hurefuka ikipata moto. Na alumini ya silinda hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha cheni. Kwa hiyo injini ikishika moto cheni hujikaza yenyewe zaidi. Uliyeikaza mpaka mwisho ikiwa baridi hukuiachia pa kwenda. Itakula vibao, italika yenyewe, na unga wake utaingia katika oili. Aliyelegeza huonywa na kelele. Aliyekaza mno haonywi na mtu, mpaka siku ya msiba.

Baada ya siku chache za kwanza, ijaribu tena, injini ikiwa baridi. Baada ya hapo, kila unapobadilisha oili.

NANI ATASHIKA SPANA?

Sasa twafika kwenye jambo lililotuleta kweli, nalo si la chuma bali ni la watu.

Tangu mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, vijana wengi wa Kenya wamepata kazi hii. Lakini wengi hawapandi pikipiki yao. Mmoja hupanda ya tajiri. Wa pili hupanda ya mkopo, na deni halilali. Wa tatu ni yule mnayemwita deiwaka, hushika kwa siku moja akairudisha. Pikipiki moja huwa na mmoja wa mchana na mwingine wa usiku. Katika pikipiki kama hiyo, kikaza cha mkono ni ya nani?

Wa mchana asema, wa usiku atakaza. Wa usiku asema, wa mchana amekwisha kaza. Au vibaya zaidi, wote wawili hukaza, kila mmoja kwa kelele aliyoisikia. Kamba hukatikia pembamba. Injini ikifa, tajiri hamwulizi fundi wala springi. Humwuliza yule aliyekuwa juu ya kiti siku hiyo, na malipo ya siku yadaiwa vile vile.

Kwa hiyo twatoa shauri letu, nanyi mlipime.

Kwanza, pikipiki yenye mikono mingi ibaki na kikaza cha kujikaza, kilicho halisi, na kibadilishwe kikichoka. Kuokoa shilingi chache kwa kutia cha mkono ni kununua ugomvi.

Pili, aliye mwenyewe juu ya pikipiki yake, na yuko tayari kuitazama, atie cha mkono bila hofu. Kitamtumikia vizuri.

Tatu, popote kitakapotiwa, mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kugusa nati ile, na jina lake lijulikane katika steji. Awe na daftari. Aandike tarehe, kilomita, na bolti imeingia kiasi gani tangu siku ya kwanza. Daftari hilo litaonyesha cheni inavyozeeka, na siku ya kuibadilisha haitakuja kama mwizi.

Nne, ugomvi wa malipo umalizwe kabla ya spana kushikwa. Cheni na kikaza ni vitu vinavyolika kwa kazi, kama tairi na vipande vya breki. Aliye na mali ndiye agharimie uchakavu wa mali yake, na mwendeshaji agharimie uzembe wake tu. Steji ikisema hivyo kwa sauti moja, tajiri atasikia. Mtu mmoja akisema peke yake, kesho pikipiki atapewa mwingine. Hilo nasi wa reli tulifundishwa na kazi, wala hatukulisoma kitabuni.

Sasa twawaachia nafasi mafundi waulize, na waliofanya kazi hii kwa njia nyingine watuonyeshe nasi tujifunze.