Kuridhika na Kazi ni Suala la Haki



Hapa Songea husemwa mara nyingi kwamba mtumishi asiyeridhika ni mvivu au mpenda fedha. Tuyapime maneno hayo.

Mwaka 1959 Frederick Herzberg wa Marekani na wenzake, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, walieleza kwamba mshahara duni na usimamizi mbaya huleta manung'uniko. Lakini furaha yenyewe huzaliwa na kazi iliyofanikiwa na kutambuliwa. Mwalimu wa kijijini aweza kuwapenda sana wanafunzi wake, ila nyumba ikivuja na madai yake yakakosa jibu, moyo hupoa.

Basi shukrani isichukue nafasi ya ujira, wala ujira usichukue nafasi ya heshima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma, na likizo ya mwaka ya siku 28. Nasi tulio na vibarua mashambani na wasaidizi wa nyumbani, je, twawalipa kwa wakati? Twawaita kwa majina yao? Tutokapo hapa, kila mmoja aanze nyumbani kwake.